Oveholi ya dizeli iliyotembea sana: pima kwanza, spea baadaye

Moshi peke yake hautoshi kuifungulia injini. Lakini hapa Mwanza kipanya kikianza kufuka kwenye kilima kikiwa kimejaa abiria, konda anasema ringi (pete za pistoni zinazoziba mwako) zimekwisha, fundi wa kijiweni anakubali bila kuinua boneti, na kabla ya jioni tajiri ameshapigiwa simu atume hela ya seti nzima ya oveholi, yaani kuifungua injini na kuijenga upya. Spea zinafika, vya zamani vinatoka, vipya vinaingia, gari linarudi barabarani. Miezi michache baadaye moshi uko palepale. Hakuna aliyepima kitu, na hakuna aliyeuliza ni nini kilichoila ile injini hapo mwanzo.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari anayetaka kujua hela yake inafanya nini, na wa fundi kijana anayetaka kazi yake isirudi. Mifano mingi nimeitoa kwenye injini za Toyota za familia ya L, yaani 2L, 3L na 5L, zilizojaa kwenye Hiace na Hilux za zamani. Mwenye Land Cruiser ya 1HZ au Canter ya 4D33 atapita njia hiyohiyo, ila vipimo vyake achukue kwenye kitabu cha injini yake.

Hatua ya 1: Sikiliza na upime kabla ya kushika spana

Anza asubuhi, gari likiwa limelala na injini baridi kabisa. Mwambie dereva asiiwashe kabla hujafika. Dizeli yenye kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) nzuri na hita plagi (kipasha joto cha kuwashia) nzima huwaka upesi, na moshi mweupe wa mwanzo hukatika baada ya muda mfupi. Ikitetemeka na kutoa moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, kuna silinda ambayo dizeli yake haiungui: hita plagi imekufa, nozeli (kinyunyizio cha dizeli) inachuruzika, au kompresheni imeshuka. Moshi mweupe usiochoma macho, unaoendelea hata injini ikipata moto huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanayoingia silinda. Wa bluu ni oili. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi ugonjwa wake uko kwenye filta ya hewa au nozeli, mbali kabisa na ringi.

Halafu fungua mfuniko wa oili injini ikiwa saileni, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Pumzi kidogo ni kawaida kwa injini iliyotembea. Ikisukuma kama bomba, hewa ya mwako inapita kwenye ringi kwenda chini. Kabla ya kutoa hukumu, vua bomba la kupumulia la injini ulisafishe, kwa sababu likiziba injini nzima huonekana mgonjwa.

Sasa kompresheni. Tumia geji ya dizeli yenye kusoma hadi bar 40 au zaidi. Ya petroli itakufa. Pasha injini moto, hakikisha valvu zimepimwa, vua hita plagi zote, chomoa waya wa solenoidi ya pampu ili dizeli isipite, na uwe na betri yenye nguvu. Kitabu cha familia ya L kinatoa karibu bar 31 kwa injini mpya, kikomo cha chini karibu bar 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi bar 5.

Hapa kuna jambo ambalo kitabu cha Japani hakikuambii. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yetu ni pungufu kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam. Geji nayo itasoma pungufu kwa kiasi hichohicho. Injini nzuri kabisa inayosoma 31 pwani itasoma kama 27 pale Nyakato. Kwa hiyo usiogope namba ikiwa chini kidogo. Ogopa silinda moja inapoachana na wenzake. Silinda iliyo chini itie kijiko kimoja cha chai cha oili, usizidishe, maana nafasi ya juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno na oili nyingi inaweza kupinda konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Pima tena. Namba ikipanda, tatizo ni ringi na silinda. Isipopanda, tafuta kwenye valvu au hedi, kichwa cha injini kinachofunika silinda. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imepasuka katikati yake.

Mwisho funga geji ya kawaida ya presha ya oili mahali pa swichi ya taa. Injini za L zikiwa moto zinatakiwa zisishuke chini ya bar 0.3 saileni, na zitoe kati ya bar 2.5 na 6 kwenye mizunguko 3,000. Taa ya dashibodi haiwaki mpaka mambo yameharibika.

Kompresheni ikiwa inalingana, presha ya oili nzuri na pumzi ni ya kawaida, funga boneti. Peleka nozeli kwenye mashine, badilisha filta, rekebisha valvu. Hela iliyobaki mpeleke mtoto shule.

Hatua ya 2: Kuijenga, au kununua injini ya mtumba?

Mafundi wengi watakushauri ya mtumba kwa sababu inafungwa kwa siku moja. Mimi hupendelea kujenga ile iliyopo kama bloku (mwili wa injini) na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ni nzima, kwa sababu historia yake unaijua, na ile ya mtumba unaijua kwa rangi tu. Ukiamua kununua, isikilize ikiunguruma, ipime kompresheni palepale dukani, na kumbuka kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, TRA nako kunakusubiri.

Hatua ya 3: Kufungua

Osha injini kwa nje kabla ya kulegeza bolti hata moja. Mchanga ulioganda juu ya hedi ndio utakaoangukia ndani. Piga picha kwa simu kila waya, kila bomba, kila alama ya taimingi. Bolti za kila sehemu zikae kwenye kopo lake.

Bolti za hedi zilegeze injini ikiwa baridi, ukianzia pembeni kuja katikati, kwa awamu tatu au zaidi. Ukizitoa kwa pupa hedi inapinda, halafu unaanza kumlaumu aliyekuwa na gari kabla yako. Vifuniko vya konrodi na vya mein (beringi kuu za krenki) vina namba na mshale. Kama hazisomeki, weka alama zako kwa pembeni. Kifuniko cha silinda ya pili hakikai silinda ya tatu hata kama kinaingia, maana vilichongwa pamoja na wenzi wao.

Hatua ya 4: Soma vyuma kabla ya kuvitupa

Hapa ndipo oveholi nyingi zinapoharibika, na ndipo fundi mzuri anapokaa muda mrefu. Mafundi wa haraka hutupa beringi za zamani kwenye ndoo. Wewe zipange juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda, na uziangalie mchana kwenye mwanga.

Beringi yenye kijivu laini sawasawa imezeeka kwa heshima. Yenye mikwaruzo ya mviringo na chembe zilizozama ndani imekula uchafu uliokuja na oili. Inayoonyesha rangi ya shaba imemaliza tabaka lake la juu. Iliyolika upande mmoja wa ukingo na mwenzake upande wa pili inakuambia konrodi imepinda. Iliyobadilika rangi na kuyeyuka imekosa oili, kwa hiyo kabla ya kununua nyingine chunguza pampu ya oili, wavu wake ndani ya sampu (karai la oili), na matundu ya krenki. Usishtuke kukuta kipande cha juu cha konrodi kimelika kuliko cha chini, na kwenye mein cha chini kuliko cha juu. Huko ndiko mwako unakosukuma.

Kisha ringi. Ringi ya kwanza ikiwa nyembamba sana na silinda zina ngazi kubwa ya kulika pale juu, huku beringi zikiwa na hali nzuri, vumbi liliingia na hewa. Ringi ya oili na beringi zikiwa zimekwaruzwa lakini ringi ya kwanza inaridhisha, uchafu ulipita kwenye oili. Tofauti hii ndogo ndiyo inayokuambia kama utatafuta tundu kwenye mpira wa filta ya hewa, au utamkalisha dereva umuulize oili ilibadilishwa lini mara ya mwisho na filta ilinunuliwa wapi.

Pistoni iliyoliwa kichwani mahali dizeli inapopigia ni kazi ya nozeli inayochuruzika. Iliyokwaruzwa mbavuni pande zote imewahi kupata joto kali. Ukifunga pistoni mpya chini ya nozeli ileile, au kwenye rejeta ileile iliyoziba, unajua kitakachofuata.

Hatua ya 5: Mikromita

Silinda hupimwa kwa geji ya silinda mahali patatu: juu karibu na ngazi, katikati, na chini. Kila mahali pima mara mbili, kufuata urefu wa krenki na kuikata. Unapata namba sita kwa kila silinda. Tofauti ya juu na chini ni mteremko. Tofauti ya upande na upande ni uduara uliopotea. Kwenye familia ya L, silinda ikizidi kipimo chake cha kiwandani kwa zaidi ya 0.2 mm, zote zinachongwa. Huwezi kuchonga moja ukaacha tatu.

Sheria ya pili haivunjwi: pistoni kwanza, kuchonga baadaye. Nunua pistoni za kipimo kilichoongezwa, kwa mfano 0.50 mm, uzipeleke mkononi kwa mwenye mashine, naye azipime na achonge kila silinda kulingana na pistoni yake. Ukichonga kwanza kisha ukaenda dukani, utarudi na pistoni zilizopishana na silinda kwa sehemu za milimita ambazo jicho halizioni lakini oili inaziona. Uso wa silinda ukimalizwa uwe na mistari inayokatana kwa mshazari. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili, na silinda inayong'aa kama kioo haizoei ringi kamwe.

Kama bloku imekwisha kuchongwa hadi kipimo cha mwisho, inatiwa silivu, yaani bomba jipya la silinda. Injini za Scania na nyingine za malori zina silivu za maji zinazotoka na kuingia, na kwa hizo kitu cha kupima ni kiasi ambacho silivu inachomoza juu ya bloku. Ikichomoza pungufu, gasketi haitakaa.

Krenki nayo ipime kila shingo kwa pande mbili. Ikihitaji kuchongwa, inashuka kwa hatua, mara nyingi 0.25 mm, na mwambie mwenye mashine aache ule mviringo wa pembeni mwa shingo. Akiuchonga ukawa kona kali, krenki itakatikia hapo. Baada ya kuchonga, matundu yote ya oili yasafishwe kwa brashi na hewa.

Nafasi ya beringi hupimwa kwa plastigeji, ule uzi laini unaowekwa juu ya shingo, ukafunga kifuniko kwa toki (nguvu ya kukaza iliyoandikwa kitabuni) kamili bila kuzungusha krenki, ukafungua na kulinganisha upana wake na karatasi. Kwa konrodi za L nafasi nzuri ni kati ya 0.04 na 0.06 mm hivi, na ikifika 0.10 beringi hiyo haifai hata kama imetoka kwenye boksi leo. Spea bandia nyingi utazikamata hapa, mezani, kabla hazijakukamata njiani Misungwi. Nunua kwenye duka litakalokubali kupokea kitu kilichopimwa na kukataliwa.

Ringi mpya iingize peke yake ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wake kwa fila, ile geji ya visu vyembamba. Kwa silinda za karibu milimita 100, ringi ya kwanza huhitaji walau 0.3 mm. Mwanya ukiwa mdogo mno, ringi ikipata moto ncha zinagongana na kuchana silinda mpya.

Hatua ya 6: Hedi

Hedi za injini ndogo za dizeli hupata nyufa kati ya valvu mbili za silinda moja. Kwa jicho huwezi kuwa na uhakika. Ipelekwe ikapimwe kwa presha ya maji au hewa. Uso wake upime kwa rula ya chuma na fila, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari.

Fundi akikuambia hedi "ipigwe feisi tu" bila kupima, mzuie. Ukikwangua uso wa hedi ya dizeli unabadilisha jinsi prechemba (chumba kidogo cha mwako ndani ya hedi) na valvu zinavyokaa, na pistoni zinaweza kubusu valvu. Hata gasketi si yoyote. Kwenye familia ya L zipo za unene tatu, zenye herufi B, D na F, na inachaguliwa kwa kupima pistoni inachomoza kiasi gani juu ya bloku ikifika mwisho wa kupanda. Dukani watakuuliza "ya 3L?" na kukupa iliyo karibu. Nenda na herufi.

Valvu zisage kwa paste, zioshe, zifunge, kisha mimina mafuta ya taa kwenye matundu ya hewa na ya moshi. Yasipovuja upande wa pili baada ya dakika kadhaa, ziko tayari. Sili za valvu badilisha zote.

Hatua ya 7: Nozeli na pampu

Nozeli za injini za prechemba kama L hufunguka kwa karibu bar 105 hadi 125. Zile zinazopuliza moja kwa moja juu ya pistoni huhitaji zaidi ya hapo. Kwenye mashine tazama mambo mawili: inafunguka kwa presha sahihi, na ikikaribia presha hiyo haidondoshi tone. Zile washa (pete za kuzibia) za chini yake zibadilishwe kila zinapotoka.

Usiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, kidonda huonekana kidogo kama cha sindano na hakiumi sana mwanzoni, lakini mkono unaweza kukatwa. Ikitokea, hakuna kusubiri kesho: nenda hospitali ya Bugando moja kwa moja na uwaambie ni dizeli ya presha.

Pampu ya dizeli isifunguliwe gerejini. Ipelekwe kwa fundi pampu mwenye benchi ya kupimia.

Hatua ya 8: Kuosha

Bloku ikirudi kutoka kwenye mashine imejaa unga wa jiwe la kuchongea, na unga huo ni msasa. Dizeli na petroli haviutoi, vinauhamisha tu. Tumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, silinda moja baada ya nyingine. Ng'oa plagi za mifereji ya oili uipitishie brashi ndefu. Futa silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili safi. Kikitoka na kijivu, rudia. Kikitoka cheupe, paka oili papo hapo, kwa sababu chuma kilichooshwa hushika kutu kabla hujamaliza chai. Usiifunge injini pembeni ya barabara ya vumbi.

Hatua ya 9: Kufunga

Kila uso unaosugua upakwe oili. Ringi huwa na herufi karibu na mwanya, na herufi hutazama juu. Mianya ya ringi isipangane mstari mmoja. Krenki ikishafungwa mein zote kwa toki, izungushe kwa mkono. Ikikaza, simama utafute sababu, usiendelee ukitumaini italegea. Msogeo wake wa mbele na nyuma kwenye L usizidi 0.30 mm.

Spana ya toki ni lazima. Fundi anayesema mkono wake unajua toki, mpe mkono huo akashikie tochi. Bolti za hedi zinakazwa kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu, na zile zinazokazwa kwa nyuzi za pembe baada ya toki zipimwe urefu kwanza, zilizovutika zitupwe.

Taimingi belti ikishakaa kwenye alama, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha angalia alama tena. Kitu kikigota njiani, ni valvu na pistoni. Rudi nyuma taratibu. Kwenye L, valvu za hewa ziwe kati ya 0.20 na 0.30 mm na za moshi kati ya 0.40 na 0.50, injini ikiwa baridi.

Hatua ya 10: Kuwasha na kuizoesha

Jaza oili, jaza maji, toa hewa kwenye dizeli. Waya wa solenoidi ukiwa bado umechomolewa, piga staa kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Sasa rudisha waya uiwashe.

Wengi huiacha saileni mchana kutwa "izoeane". Hiyo ndiyo njia ya kuiharibu. Ringi hukaa kwa kusukumwa na presha ya mwako, na saileni hakuna presha. Ishike kwenye mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika kama ishirini, ukiangalia joto, presha ya oili na uvujaji, kisha ingia barabarani. Njia ya Kisesa kwenda Magu inafaa: lami, vipando vya wastani, nafasi ya kubadilisha mwendo. Kanyaga kiasi kwenye kilima, achia ukishuka, usikae mwendo mmoja, usipakie hadi mlangoni.

Kwa kilomita 1,000 za kwanza gari lisifanye kazi ya kufa na kupona. Hili ni la tajiri zaidi kuliko la dereva, kwa sababu dereva anayedaiwa hesabu kamili jioni hawezi kuendesha pole. Samehe hesabu au ipunguze kwa siku hizo, na deiwaka asiguse usukani. Oili ya kwanza imwage kwenye kilomita 500, filta pamoja nayo, ipasue filta uangalie ndani. Vumbi la chuma kidogo ni kawaida, vipande si kawaida. Pima valvu tena kwenye 1,000.

Kuitunza isirudi gerejini

Hewa ndiyo ya kwanza. Barabara za vumbi za Sengerema na Kwimba huua injini nyingi kuliko mwendo. Kila wiki vua bomba lililo baada ya filta, pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, filta imepasuka au kibanio cha bomba kimelegea, na gari lisitembee mpaka sababu ipatikane. Filta ya karatasi ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa presha ndogo. Kuigonga kwenye tairi kunaitoboa. Vile viwingu vya wadudu wa ziwani vinavyopaa kama moshi vikitua mjini, angalia pia mbavu za rejeta.

Maji. Kwa urefu wetu huu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya rejeta ni mfuniko wenye springi nzima, kwa hiyo mfuniko uliochoka ni ugonjwa mkubwa hapa kuliko Tanga. Thamostati isitolewe. Najua karibu kila gereji inaitoa ikisema nchi yetu ni ya joto. Dizeli inayotembea baridi huungua vibaya, huosha oili kwenye kuta za silinda na kuzila. Zaidi ya hapo, thamostati za Toyota nyingi zina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika rejeta, na gari ulilotaka lipoe linachemka kilimani. Maji ya ziwa yana tope na mwani, ya kisima yana chumvi. Tia kulanti (maji ya dawa ya rejeta), au maji yaliyotoneshwa kwa ajili ya kuichanganya.

Oili ya 15W-40 ya dizeli, kila kilomita 5,000, pamoja na filta. Dizeli huifanya oili nyeusi ndani ya siku chache, kwa hiyo usiihukumu kwa rangi. Isugue kati ya vidole kutafuta chembe, inuse kama ina dizeli, na andika kiasi unachoongeza. Daftari linaloonyesha lita moja kila kilomita 1,000 wakati mwezi uliopita ilikuwa robo lita linakuambia mapema kuliko moshi. Oili chafu isiingie mtaroni, maana mitaro ya mjini inaenda Mto Mirongo na Mirongo unaingia ziwani tunakochota. Ijaze kwenye dumu. Wapo wanaoitafuta kupaka mbao dhidi ya mchwa.

Dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa ni kavu, na pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba (alama ya kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Jaza kwenye kituo unachokijua, achana na madumu ya barabarani, mwaga maji ya chini ya filta kila wiki, na badilisha filta kila kilomita 10,000. Taimingi belti ya L ni kila 100,000, lakini kilomita za gari la mtumba hazina shahidi: ukinunua, badilisha belti wiki hiyohiyo na uandike tarehe juu ya kava.

Kwa wenye boti za mizigo za dizeli pale Mwaloni, hesabu saa badala ya kilomita; oili kila saa 150 inatosha. Kama injini inapozwa moja kwa moja kwa maji ya ziwa, chujio la kuingizia maji likaguliwe kila safari, na magugumaji yakiwa mengi, likaguliwe mara mbili. Feni ya mpira ya pampu ya maji ibadilishwe kila mwaka ingawa inaonekana nzima, na vipande vyake vikikatika vitafutwe vyote kwenye mabomba. Tangi lijazwe jioni baada ya kufunga kamba, kwa sababu tangi lililolala nusu tupu hutoa jasho usiku, na asubuhi maji hayo yako chini yakisubiri kupanda kwenye pampu.